Mpiganaji Hutoka Jikoni

Wahenga walinena kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu. Nami, mwana wa pwani niliyezoea kuamka kwa mvumo wa bahari, safari hii niligagaa mbali na upwa hata nikafika Kakamega, mji ulioinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, penye mvua za alasiri na mashamba ya miwa. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu, mwana wa dada yangu aliyeolewa huko, kijana wa miaka 19, aliyekuwa amelazwa hospitali.

Ugonjwa gani? Ndugu msomaji, hakuwa na malaria wala homa ya matumbo. Alikuwa na kiu.

Kijana huyu anajifunza taekwondo, ule mchezo wa Korea wa mateke. Mchezo huu, kama vile ndondi na judo, huwapanga wapiganaji kwa uzani. Katika Olimpiki wanaume wana madaraja manne: chini ya kilo 58, chini ya 68, chini ya 80, na zaidi ya 80. Katika mashindano ya dunia madaraja ni manane, na la kilo 63 ni mojawapo. Mpwa wangu alikuwa na kilo 61, na katika mashindano aliyojiandikisha, daraja lake halali lilikuwa hilo la 63. Lakini wenzake wakamtia maneno kwamba akishuka hadi 58 atakutana na wadogo kuliko yeye, na medali ni yake. Basi kwa siku tatu akala kama ndege, siku ya mwisho akaacha hata maji, akavaa koti juu ya koti akakimbia juani ili atoke jasho. Mzani ulimkubali, mkeka ukamkataa. Alianguka kabla hajapigwa teke hata moja, akabebwa, akatundikiwa maji ya mshipani.

Nilipomkemea, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, akanijibu kwa adabu lakini kwa hoja: "Mjomba, kwani Ramadhani hatufungi? Mbona saumu haituui?"

Naam, lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa ukali. Nikamwambia: Mwanangu, saumu ina milango miwili, daku na futari, na yote miwili tumehimizwa tuifungue. Mtume wetu (S.A.W.) aliwausia watu wale daku, akawahimiza waharakishe kufuturu, na akawakataza masahaba kuunganisha saumu siku kwa siku bila ya kula. Mgonjwa na msafiri wakapewa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Wewe ulijinyima maji kisha ukakimbia juani na makoti mawili kwa ajili ya mzani. Hiyo ni saumu ya nani?

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwani nilikumbuka ujana wangu. Sisi tulitoka katika sinema za Mombasa tukirusha mateke hewani kama Bruce Lee, na hapana hata mmoja wetu aliyejiuliza mtu yule alikula nini. Tuliona ngumi, hatukuona sahani.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Kakamega peke yake. Mwaka 1997 huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa katika muda wa wiki chache, wote wakihangaika kupunguza uzani kwa jasho na kiu. Ndipo wakubwa wa michezo ya vyuo wakabadili kanuni. Waganga wa michezo wanasema kwamba mtu akipoteza maji yafikayo asilimia 2 ya uzani wake, tayari nguvu na wepesi huanza kupungua. Kwa kijana wa kilo 61 hiyo ni kilo 1 na robo hivi, na mpwa wangu alipoteza zaidi ya kilo 3. Wahenga hawakukosea waliposema mkamia maji hayanywi. Aliyekamia medali hakuinywa.

Siku ya pili dada yangu alinichukua sokoni, na huko ndiko nilikopata somo lililonifanya nishike kalamu. Kina mama wa Kiluhya walikuwa wamekaa mbele ya mafungu ya kunde, mnavu, mchicha, na majani ya murenda, ambayo sisi tunayaita mlenda. Pembeni palikuwa na maharagwe ya kila rangi, njugu mawe, viazi vitamu, ndizi, mayai, wimbi wa kusagia uji, na dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria waitwao omena. Kuku wa kienyeji, ingokho kwa lugha yao, walifungwa miguu wakisubiri bahati yao. Palikuwa na kumbikumbi pia, wenye mafuta na protini nyingi. Hao niliwapisha, kwani katika madhehebu yetu ya Shafii mdudu tuliyehalalishiwa ni nzige, lakini sikuwadharau wanaowala.

Nikajiuliza: mji wenye soko hili, kijana wake anashindaje na chai mkavu na mandazi mawili, kisha jioni akarushe mateke kwa saa mbili? Na mfukoni anaweka akiba ili anunue kopo la unga wa kujenga misuli!

Na tufanye hesabu. Wataalamu wanakadiria kwamba mwenye kufanya mazoezi mazito anahitaji protini gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kilo 61, kiwango cha chini ni gramu 73. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyopikwa vina gramu 30 hivi. Mayai mawili yana 12. Bilauri mbili za maziwa zina 16. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20. Jumla ni 78, na bado hatujahesabu ugali wala kunde. Kopo la kazi gani? Tena kopo lina hatari yake. Wako wachezaji waliopatikana na dawa zilizokatazwa kwa sababu ya unga uliochanganywa na vitu visivyoandikwa, na kanuni za michezo humtwika mchezaji kila kinachokutwa mwilini mwake. Sokoni humo pia huuzwa mizizi ya mukombero, inayosifiwa kwa kutia nguvu. Siisemi vibaya, lakini mzizi wa kutafuna si mlo.

Wengine huuogopa ugali, wakidhani ndio unaowatia uzito. La hasha! Teke huendeshwa na wanga kama gari liendeshwavyo na petroli. La muhimu ni wakati wake. Mlo kamili uliwe saa 3 au 4 kabla ya mazoezi. Ukikaribia muda, ndizi moja au uji mwepesi watosha. Baada ya mazoezi mtu ale wanga na protini pamoja, ugali na maharagwe, au viazi na mayai, wala asilale na njaa. Uji wa wimbi usidharauliwe, kwani una madini ya chokaa ya kujenga mifupa kuliko mahindi, mchele au ngano. Na chai isiandamane na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na hasa mabinti huyahitaji mno. Afadhali mboga ikamuliwe limau, na chai ingoje saa moja au mbili.

Jioni mzee mmoja wa Kiisukha alinisimulia habari za kupiganisha mafahali, mchezo mashuhuri wa Waisukha na Waidakho. Alisema fahali wa mchezo hafungwi jembe kama ng'ombe wengine, na mwenyewe humtafutia majani mazuri, akamchunga kama mboni ya jicho. Nikacheka, kisha nikaona aibu. Ikiwa fahali anapangiwa chakula miezi kadhaa kabla ya siku yake, vipi mwana wa mtu anapelekwa uwanjani tumbo tupu?

Vipaji viko. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii katika kaunti jirani ya Bungoma, aliiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021. Wapo wengine wanaochipuka, na hawatafika huko kwa kiu.

Basi nawaambia walimu wa michezo hii, wa Kakamega na wa kwetu pwani vilevile: kabla ya kumuuliza kijana ana kilo ngapi, muulizeni amekula nini. Mzani ukiwekwa ukumbini, na chungu kiwekwe. Akitakiwa kupunguza uzani, na apunguze kidogo kidogo kwa wiki nyingi, si kwa siku tatu. Mwezi wa Ramadhani usogezeni mkeka karibu na magharibi, ili tende na maji yawe karibu. Na sisi wazazi wa pwani tusiwacheke watu wa bara, kwani watoto wetu nao hushinda na viazi karai na soda, hali mbaazi na samaki wamo nyumbani. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Mpiganaji anazihitaji zote tatu, na mpwa wangu alizikosa mbili, pumzi ikafuata.

Siku ya kuondoka nilimkuta jikoni, ameketi karibu na mama yake, anachambua kunde. Nikamuuliza sasa atapigana daraja gani. Akasema, "Sitini na tatu, mjomba." Kisha akaniuliza kama ugali umeiva.