Bei ya gari la fahari haipangwi kiwandani

Liko gari la mbio liitwalo Porsche 911, ambalo tangu miaka ya 1960 limekuwa likiundwa mjini Stuttgart, Ujerumani. Mikono iliundayo ni ile ile na chuma chake ni kile kile. Hata hivyo, Mjerumani hulipa bei moja, Mdenmark, jirani yake wa kuvuka mpaka tu, hulipa zaidi sana, na mkazi wa Singapore hulipa fedha ambazo Mjerumani angenunulia magari mawili au matatu ya aina hiyo hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema chajiuza kwa bei gani.

Wapo wanaodhani kwamba tofauti hiyo yatokana na nauli ya meli. Sivyo. Kwa gari la thamani kama hilo, nauli na bima ni sehemu ndogo tu. Wengine hutaja thamani ya fedha, na hilo lina ukweli wake, kwani fedha ya nchi ikiporomoka bei hupanda hata kama kiwanda hakikuongeza senti moja. Tena kiwanda chenyewe hupima kina cha mfuko wa mnunuzi katika kila soko kabla ya kutaja bei. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kodi, na kodi ni uamuzi wa siasa.

Ujerumani, nchi yenye viwanda vya magari, hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19. Denmark hutoza asilimia 25, kisha huongeza kodi ya usajili ambayo kwa sehemu ya juu ya bei hufikia asilimia 150. Singapore, kisiwa kidogo chenye watu wapatao milioni sita, imeamua kwamba barabara zake hazitoshi kila mtu kuwa na gari. Tangu 1990 anayetaka gari hana budi kwanza kununua kwa mnada cheti cha miaka 10. Mwaka 2023 cheti cha magari makubwa kilifikia dola 150,000 za huko. Juu yake iko ada ya usajili, ambayo kwa magari ya anasa hufikia asilimia 320. Lakini Singapore haikuwaacha wananchi wake wakitembea kwa miguu: treni zake za mjini zilianza kazi mwaka 1987, na mabasi yapo.

Sasa tujitazame wenyewe. Gari jipya la fahari likifika bandari ya Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 100, hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kila moja ikipanda juu ya mgongo wa mwenzake. Jumla huwa milioni 162 na robo, kabla ya ada nyingine. Gari dogo la mwalimu, lenye injini ya sentimeta za ujazo 1,500, hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5 tu. Lakini kwa kuwa mwalimu hana uwezo wa kununua jipya, likizidi umri wa miaka 10 huongezewa asilimia 30. Hivyo, kwa kila shilingi ya thamani, kabwela hulipa kodi kubwa kuliko tajiri.

Nia ya ushuru huo wa umri ni njema: nchi yetu isigeuzwe jalala la magari chakavu. Hatusemi ufutwe. Tunasema kwamba ikiwa tunao ujasiri wa kumtoza mwalimu kwa sababu gari lake ni kuukuu, hapana budi tuwe na ujasiri wa kumtoza tajiri kwa sababu gari lake ni la anasa. Na fedha itakayopatikana iende kwenye mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016 na ambayo abiria wake bado husongamana vituoni.

Wabunge wetu wanapojadili bajeti, wakumbuke kwamba bei ya gari la fahari hutangaza nchi imeamua kumbebesha nani mzigo wake.