Kabla ya kujenga Msangeni, nunua vyumba Same

Jamani, nina hoja kwa vijana wenzangu wa Msangeni tunaohangaika na kazi mijini. Kwa nini akiba yetu ya kwanza ya maana iende kwenye nyumba ya mlimani tutakayolala siku 10 kwa mwaka, kisha ufunguo ubaki kwa shangazi? Heshima ya kujenga kwenu naijua, wala siibezi. Ninachosema, itangulie nyumba itakayoingiza fedha, ya heshima ifuate.

Huko chini Mwanga na Same zipo nyumba za zamani za kupangisha: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo uani. Tuseme ina vyumba 8, kila kimoja shilingi 30,000. Hiyo ni 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba akitaka milioni 40, itakuchukua karibu miaka 14 kurudisha fedha zako, hapo hujagusa bati lililooza, choo kilichojaa wala kodi ya serikali. Kwa hiyo bishana bei kwa hesabu ya vyumba, si kwa sifa za dalali.

Ulizia pia kodi iliyokwishalipwa. Wapangaji wengi hudaiwa miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Kama muuzaji ameshaila, utamiliki nyumba nusu mwaka bila kuona senti, maana kumtoa mpangaji aliyelipa, au kumdai mara ya pili, ni dhuluma. Fedha hizo zikatwe kwenye bei.

Halafu karatasi. Nyumba ikiwa na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mzee mwenye nyumba akiwa ameshafariki, usimlipe mtoto yeyote tu. Mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama muuzaji anaishi humo na mwenzi wake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi huyo. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sasa ifikirie kesi ya nyumba!

Nyumba ya Msangeni itajengwa tu, tofali kwa tofali, kwa fedha za vyumba. Shangazi atasubiri kidogo ufunguo wake. Mnasemaje wadau?