"Hakushtuka Aje?" Hebu Tuongee Kuhusu Igiza

Nikitaja Igiza mbele ya mbogi yangu, haipiti dakika mbili kabla mtu aulize: sasa hao watu wote hawakushtuka aje? Pacha anatoka jela, anaingia kwa maisha ya dadake, anavaa nguo zake, anaongea na watu wake, na hakuna mtu anasema, ngoja kidogo, wewe si Nicole. Kisha inafuata ile hukumu: "Hiyo ni uongo, haiwezi tokea Kenya." Faili inafungwa hapo hapo.

Mimi nasema inaweza. Na nasema hilo swali lenyewe, "hakushtuka aje", ndilo linafaa kutushtua sisi. Kaa hapo nikueleze.

Kwa wale hamjaiona: Igiza ilitoka Showmax mwaka wa 2022. Ni ile aina ya thrila ambayo damu ni kidogo lakini akili ndiyo inachezewa. Serah Ndanu anaigiza watu wawili, Linda na Nicole, mapacha wanaofanana kabisa. Nicole ako na pesa, ako na jina kwa mambo ya fasheni. Linda ametoka jela, anachukua nafasi yake, na akishaingia anapata hayo maisha hayakuwa matamu vile yalionekana kwa nje. Simwagi zaidi ya hapo. Jina lenyewe limeenda shule, na sioni watu wakiliongelea. Kuigiza ni kazi ya Serah Ndanu, lakini pia ni kazi ya Linda. Na ukiangalia vizuri ni kazi ya Nicole pia, hata kabla dadake atoke ndani.

Sasa, stori ya mapacha kubadilishana si mpya. Mexico walifanya La Usurpadora mwaka wa 1998. Marekani walimpa Sarah Michelle Gellar mapacha wawili kwa Ringer, 2011. Sijawahi sikia mtu wa Nairobi akilia kwamba hizo haziwezekani. Mmexico akidanganywa na shemeji yake wa bandia tunasema stori imeiva. Mkenya akidanganywa vivyo hivyo tunasema walioandika walikuwa wamelala. Mjue hilo tu kabla tuendelee.

Naishi Kilimani, si mbali sana na Wood Avenue, kwa moja ya hizi gorofa zilizoota mahali palikuwa na nyumba moja ya zamani, bustani na mti wa parachichi. Jirani wangu wa kulia namjua kwa viatu. Si mzaha, namjua kwa viatu anavyoacha mlangoni. Uso wake nimeuona labda mara nne kwa lifti, na mara zote nne mmoja wetu alikuwa kwa simu. Wa kushoto hubadilika kila wikendi kwa sababu hiyo keja ni ya Airbnb. Sasa niambie, pacha wa huyu wa viatu akihamia kesho na viatu ni vile vile, nani atapiga kamsa? Mimi? Nitasema niaje na nibonyeze saba.

Ushago labda ungeshikwa. Kule shosh anakutambua kwa kikohozi, na anakumbuka wewe ndiye uliungua mkono ukiwa darasa la tatu. Lakini huku tumekubaliana, bila mkutano wowote, kwamba mtu ni vile amejileta. Anakuambia anaitwa nani, anafanya kazi gani, ametoka wapi, unasema sawa. Picha zake za mtandaoni zinasema hivyo hivyo, kwa hivyo basi. Linda hakuhitaji kuwa jiniasi. Alihitaji tu watu wenye haraka, na hao wako tele Argwings Kodhek saa mbili asubuhi.

Lakini tuseme hata hiyo unakataa. Tuseme bado unaona hao watu wa Nicole ni wajinga. Swali langu ni: wewe ulijuaje kwamba huyo ni Linda?

Ulijua kwa sababu ulionyeshwa. Basi.

Alfred Hitchcock, yule mzee wa Uingereza aliyetengeneza Psycho, alikuwa akieleza hii kitu kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wameketi wanapiga stori za kawaida. Bomu likilipuka bila wewe kujua lilikuwa hapo, umeshtuka kwa sekunde chache na imeisha. Lakini ukionyeshwa bomu kwanza, halafu wao waendelee kuongea vitu vya ovyo, utakaa hapo umeshika mto unataka kuwapigia kelele. Hao watu wa mezani hawajawa wajinga. Wewe tu umepewa kiti kizuri.

Ndiyo maana hatuulizi hilo swali kwa kila kitu. Angalia Crime and Justice, ya Showmax pia, 2021, ile ya Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa makachero wa Nairobi. Hapo unatembea nyuma ya polisi. Wanachojua ndicho unachojua, kwa hivyo wakikosea unakosea nao na humtukani mtu. Ama Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, ile ilishinda tuzo ya wakosoaji huko Toronto. Kaleche anaamka mahali hajui, hakumbuki chochote, na wewe hujui pia. Mnapapasa gizani pamoja. (Kama hujaona Kati Kati, acha kusoma hii, nenda uione, utanipata hapa.) Igiza inafanya kinyume. Inakuketisha na mwongo. Unajua siri tangu mapema, na kila mtu mwingine anaanza kuonekana mzito. Huo ujanja unaousikia ukiwa kwa kochi si wako. Umekopeshwa na waandishi kwa hiyo saa moja.

Shida ni kwamba watu wanamaliza kipindi na hawarudishi.

Nina binamu, simtaji jina. Alikuwa na chali kwa karibu miaka miwili. Chali smati, anavaa suti, anasema anafanya kazi ya kuzunguka kaunti, ndiyo maana wiki zingine hayuko. Alikuja hadi kwa mazishi ya mjomba wetu, akabeba viti, akaosha sufuria na vijana. Wazee wakampenda. Kumbe ako na bibi na watoto wawili Kitengela, hata ile kazi haikuwepo, na pesa binamu yangu aliweka kwa "shamba lao" zilikuwa zinalipa karo ya huko. Siku ilijulikana, unajua kitu ya kwanza kila mtu alimuuliza? Si "uko sawa?" Aliulizwa "na hukushtuka?" Shangazi, majirani, wasee wa kazi yake. Watu wale wale walipokea soda kutoka kwa mkono wa huyo jamaa na hawakushtuka.

Aliniambia kitu moja nimebaki nayo. Alisema wanamuuliza kana kwamba walikuwa wanaona hiyo sinema tangu mwanzo na yeye ndiye alichelewa kuingia.

Sasa peleka hiyo mbele kidogo. Januari 2024, ndani ya wiki mbili, wanawake wawili waliuawa hapa Nairobi, kila mmoja kwa nyumba ya kukodi ya siku mbili tatu. Mnakumbuka. Tarehe 27 mwezi huo watu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine, nguo nyeusi, majina kwa mabango. Lakini pia mnakumbuka mtandao ulikuwa aje kabla ya hapo. Watu walikuwa wanachambua vile wanachambua sirizi. Nani alionekana kwa kamera, alivaa nini, alibeba begi gani, sehemu ya pili inatoka lini. Halafu lile swali likavaa nguo ingine: alikuwa anafanya nini huko? Mbona hakuona huyo mtu si mzuri?

Hakuona kwa sababu hakuna mtu alimwonyesha bomu. Sisi tulianza kuangalia likishalipuka, tukarudisha nyuma, tukazungushia kila kitu duara nyekundu, tukasema dalili zilikuwa wazi.

Na sasa cheki hii. Wasee walewale waliogeuza vifo vya kweli kuwa thrila ndio wanaambia thrila kwamba haiwezi tokea Kenya. Amua moja, buda.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Aki wewe, ni burudani tu, tulia." Niko sawa na burudani. Mimi hupiga skrini kelele kuliko nyinyi wote, mwenye nyumba anaweza kuthibitisha. Kupigia Nicole kelele ni raha, ndiyo kazi ya hii aina ya stori. Nachosema ni kwamba Nicole hasikii. Binamu yangu alisikia.

Kuna komenti ingine nitaipitia haraka: "Linda ni chizi, mpeleke Mathari." Mathari ni hospitali, imekuwa hapo tangu 1910, na kuna watu wengi tu tunaowajua wamepita hapo wakarudi kazini Jumatatu. Mwaka wa 2020 jopo la serikali chini ya Dkt. Frank Njenga lilipendekeza shida za akili zitangazwe janga la kitaifa, na sisi bado tunatumia jina la hospitali kama tusi. Halafu hata kama stori haifai. Linda ana hasira, ana wivu, ana mipango. Anahesabu kila hatua. Ukisema ni chizi umejitoa kwa swali gumu, ambalo ni kwamba mtu mwenye akili timamu kabisa anaweza kukufanyia hivyo, na akakutengenezea chai asubuhi.

Haimaanishi hizi thrila zetu zisiguswe. Nina malalamiko yangu. Mengi yanatokea ndani ya nyumba, na hiyo naelewa. Kushuti nje Nairobi ni leseni, ni bodaboda inapita katikati ya maneno, ni mvua, ni jamaa wa kanjo anataka kuongea kando. Nyumba ni bei rahisi na inafungika. Sawa. Lakini mbona kila nyumba inakaa kama hakuna mtu amewahi kupika ndani? Mbona watu wakikosana sana wanahamia Kizungu safi cha kusomea habari? Nionyeshe dada wawili wa Nairobi wanagombana kuhusu mambo ya jela na usaliti na hakuna hata "ati nini?" moja. Hasira inarudishanga mtu kwa lugha ya nyumbani. Na polisi! Kwa hizi thrila mtu anapiga simu na kachero anatokea na koti la ngozi. Wengine wetu tumeripoti simu kuibiwa, tukaandikiwa namba ya OB kwa kikaratasi, tukaambiwa turudi kesho. Hapo ndipo mtu wangu anaweza kusema haiwezi tokea Kenya na nikapiga makofi.

Na kitu kinachonikera kuliko vyote ni hii: hakuna soja. Unatengeneza thrila kuhusu mtu anayejifanya mtu mwingine, kwa jiji ambalo kila geti liko na soja, na soja hana hata mstari mmoja. Yeye ndiye anajua nani alirudi saa tisa usiku. Anajua gari gani huja Jumanne peke yake na hutoka kabla jua. Anajua kwamba mama wa nambari kumi na mbili siku hizi hasalimii, na zamani alikuwa anaulizia watoto wake. Wetu hapa ni mzee mmoja mtulivu sana, na wiki iliyopita aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba jirani yangu wa viatu ameacha kunywa maziwa. Nilimuuliza amejuaje. Akasema pakiti, kwa takataka.

Mtu aandike hiyo. Vipindi nane, geti moja Kilimani, kile kitabu kikubwa cha wageni chenye kalamu imefungwa na kamba, majina nusu ni ya uongo na namba za kitambulisho zimekosa tarakimu moja. Soja anasoma hicho kitabu usiku na redio iko chini. Hapo hata sisi tunaoangalia tusijue kitu, tuchelewe pamoja na wengine. Bando ninalo tayari.