Bwawa la umma linaishi kwa bajeti

Mwaka 1868 mfanyabiashara wa maji Anthony Chabot alijenga bwawa la Temescal huko Oakland, California, ili mji upate maji ya kunywa. Siku hizi Temescal ni hifadhi ya umma, na watu huenda kuogelea. Sehemu kama hizi husimuliwa kana kwamba zilitokana na ukarimu wa tajiri fulani, lakini chanzo chake ni kitu kisicho na mvuto: kodi. Novemba 1934, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wa mashariki mwa ghuba ya San Francisco walikubali kujitoza senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao. Ndivyo ilivyozaliwa mamlaka ya hifadhi, East Bay Regional Park District, na mwaka 1936 Temescal ikawa miongoni mwa hifadhi zake za kwanza.

Kununua ardhi, hata hivyo, ndiyo kazi rahisi. Mabwawa ya eneo hilo mengi yalijengwa kwa shughuli nyingine, nayo hayakubali kugeuzwa kirahisi. Don Castro, karibu na Hayward, lilijengwa mwaka 1964 kuzuia mafuriko, na bwawa la namna hiyo hupokea tope. Waogeleaji wakatengewa kidimbwi chao pembeni, chenye maji yanayotiwa klorini na waokoaji wanaowatazama. Bwawa la Contra Loma maji yake hunywewa, kwa hiyo huko nako sehemu ya kuogelea imetengwa. Temescal, ambako watu huingia ziwani moja kwa moja, imefungwa mara kadhaa kwa sababu ya mwani wenye sumu. Klorini, vipimo vya maji, mishahara ya waokoaji: hizi ni gharama za kila mwaka, na hakuna mfadhili anayependa picha yake ipigwe kando ya ndoo ya klorini.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Lakini waliopiga kura mwaka 1934 walikuwa na majirani wasio na kazi. Hoja nzito zaidi ni kwamba afadhali anayeogelea alipe mwenyewe. Kiingilio kipo, na sikipingi kikiwa kidogo. Lakini kikibebeshwa gharama zote, familia zisizo na bwawa nyumbani ndizo zitakazobaki nje. Ni kweli pia kwamba kodi inaweza kukatwa: mwaka 1978 California iliwekea kodi ya mali kikomo, na mamlaka ikabanwa. Ila kwa kuwa ilikuwa taasisi inayojulikana, iliweza kurudi kwa wananchi, wakaidhinisha hatifungani za dola milioni 225 mwaka 1988 na milioni 500 mwaka 2008.

Nairobi Dam nalo lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji, mwaka 1953, na watu waliwahi kuendesha mashua za tanga humo kabla ya tope, majitaka na magugu maji kulisonga. Kabla ya kuzindua kampeni nyingine ya kulisafisha, wahusika wangetaja kwanza ni fungu gani la bajeti litakaloling'oa gugu mwaka unaofuata, na mwaka wa kumi.