Taa za LED: tusiangalie wati peke yake

Mwandishi, hoja yako ya wati ni ya kweli: balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ila kwenye gridi ndogo ya sola hesabu haiishii hapo. Mimi ni fundi umeme huku Geita, na zinazonikera ni balbu za bei chee. Nyingi zina pawafakta (uwiano wa wati kwa volti-ampea, VA) ya karibu 0.5, yaani inveta inabeba VA 18 kwa balbu iliyoandikwa wati 9. Zidisha kwa nyumba za kijiji kizima.

Halafu kwenye gridi hiyohiyo kuna karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Mota inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida, volti zinashuka, taa za mtaa mzima zinapepesa. Mtu anayepima dhahabu usiku anahitaji mwanga uliotulia! Balbu yenye draiva ya volti 85 hadi 265 haitikisiki. Zifungue uone: ile ya chee mara nyingi ina kapasita na dayodi basi, hii ina koili na chipu. Na joto la chini ya bati, kwetu na Shinyanga, linazimaliza kapasita mapema.

Wanaobuni gridi kama ya kampuni ya Jumeme kisiwani Ukara, iliyowashwa 2016, nawaomba wagawe balbu bora pamoja na mita. Ni nafuu kuliko kuongeza inveta baadaye.