Anayestaafia Lushoto awe mwanakijiji

Kila mwaka maelfu ya watumishi wa umma na walimu hukabidhi ofisi, hurudisha funguo za nyumba za serikali na kuagwa na wenzao kwa hotuba na zawadi. Sheria inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na wengi wao hulazimika kustaafu wafikapo 60. Asubuhi ya siku ya pili ndipo swali gumu linapojitokeza: mtu aliyezaliwa mkoa mmoja, akafundisha katika mikoa minne na kusomesha watoto katika wa tano, nyumbani kwake ni wapi?

Swali hilo lina uzito zaidi siku hizi kwa sababu fedha zenyewe si za kuchezea. Mfuko wa PSSSF uliundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu ya mafao yao kwa mkupuo walijikuta, kuanzia Julai 2022, wakipata asilimia 33, na mwaka 2024 kiwango hicho kikapandishwa kufikia asilimia 40. Sehemu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo mkupuo huo, ambao mtu huupokea mara moja tu maishani, hauna budi kutosha kiwanja, nyumba na akiba ya ugonjwa.

Ndiyo maana wastaafu wengi wanatafuta mji wa kaskazini ulio rahisi. Arusha imepandishwa bei na utalii na biashara. Moshi inapendeza, lakini ardhi ya mlimani ni vihamba vya koo, nayo haimtoshi hata mwenyeji. Macho ya baadhi yao basi yanaelekea Lushoto, na si ajabu. Mji huo uko katika Usambara Magharibi, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mombo penye barabara kuu ni kilometa 33 tu za kupanda. Kabichi, karoti, viazi, maharage na mapeasi vinavyouzwa kwa bei kubwa Kariakoo, huko hununuliwa karibu na shamba. Hewa ni safi, mji ni mtulivu, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo hapo huwapa wakazi wake majirani wasomi.

Hayo yote ni kweli, lakini urahisi wa mahali haupimwi kwa bei ya kiwanja peke yake. Mtu wa miaka 60 anapaswa kujiuliza atakuwaje afikapo 75. Hospitali ya wilaya ipo, na Bumbuli ipo hospitali ya siku nyingi, lakini ugonjwa mzito humlazimu mgonjwa kuteremka hadi Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Barabara ya Mombo ina kona nyingi, na mvua kubwa huporomosha udongo na mawe juu yake. Baridi ya Juni hadi Agosti si ya kufanyia mzaha kwa mwenye maumivu ya viungo. Kiwanja kilichoko mteremkoni mbali na barabara huuzwa rahisi, lakini saruji, mchanga na mabati hupandishwa kwa vichwa vya watu, na kila safari hulipiwa. Mstaafu mwenye busara angepanga kwanza chumba, akae masika moja na kipupwe kimoja, ndipo afungue mkoba wake.

Hata hivyo jambo kubwa zaidi si hilo. Jambo kubwa ni kwamba ardhi ya Lushoto haiko tupu ikimngoja mstaafu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya hiyo, na sehemu kubwa ya watu hao wanaishi milimani, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Mtu anapouza kipande chake kwa bei ya kutupa, mara nyingi anasukumwa na shida: karo, matibabu au deni. Kwa mnunuzi bei hiyo ni nafuu, lakini mtoto wa muuzaji anabaki bila mahali pa kulima, naye huteremka kwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta kibarua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti katika kuigawa. Mtumishi aliyeishi kwa nyaraka na mihuri anajua maana ya utaratibu huo. Ni aibu basi kumwona anaupita mlango wa nyuma, akiandikiana karatasi na muuzaji mmoja usiku mbele ya dalali. Hati ya namna hiyo ni chanzo cha kesi, na kesi hula fedha za uzeeni kuliko ugonjwa.

Wapo watakaosema kwamba mstaafu ni Mtanzania, naye ana haki ya kuishi popote nchini mwake. Hakuna anayebisha. Lakini Lushoto imekwisha kupata wageni wa aina nyingi, nayo ina kumbukumbu ndefu. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmsthal, wakaupenda kwa sababu uliwaepusha na joto la pwani. Baada yao, mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na waliokaidi waliadhibiwa. Upinzani ulikuwa mkali hata mpango ukavunjika mwaka 1957. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa na maji, lakini aliyeamrisha hakumsikiliza aliyeshika jembe. Mradi wa SECAP uliofuata, kuanzia mwaka 1981 hadi 2000, ulihimiza upandaji wa miti na majani ya kukinga maji kwa kushirikiana na wakulima, na alama zake bado zinaonekana.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo zamani yalitumiwa kupima watawala wao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mstaafu naye apimwe kwa mizani hiyo. Anayenunua mteremko, akakata miti apate mandhari, akazungushia ukuta na kuzuia njia ya maji, huyo anaiharibu nchi hata kama amelipa kila senti. Anayejenga nyumba ya kadiri, akapanda miti, akahudhuria mkutano wa kijiji na kusikiliza kabla ya kusema, huyo anaiponya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu ni ufundi wake: watoto wanaofeli hesabu wapo. Jembe la mhasibu ni vitabu vya ushirika wa wakulima wa mboga, na la muuguzi ni ushauri kwa mama mjamzito aliye mbali na zahanati.

Halmashauri nazo zina wajibu. Zikipima viwanja vya makazi katika miji midogo kama Soni, Lukozi na Mlalo, karibu na maji na zahanati, mstaafu atapata pa kujenga bila kumeza shamba la mboga. Waajiri nao wasingoje hotuba ya kuaga ndipo wamfundishe mtumishi habari za makazi na ardhi. Miaka mitano kabla ya kustaafu si mapema mno.

Mlima wa Usambara una nafasi kwa mzee anayekuja kuishi na watu. Mwenye kutafuta hewa baridi na bei nafuu peke yake atagundua, nguvu zitakapomwisha, kwamba ukuta wake haumchotei maji wala haumbebi kwenda hospitali. Majirani ndio watakaofanya hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: na mwenyeji akipona, mgeni naye atazeeka salama.