Njia ya Kambove ina wenyewe

PEMBENI YA NJIA
Na Mwilambwe wa Kikula

Tangu Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wa Kikula, hapa Likasi, wamekuwa wataalamu. Jina la mji huo linatuuma Wakongo siku hizi, lakini mbio ni mbio, na simu zilikaa zimewashwa kwenye kibanda cha fundi wa kinga, yaani baiskeli, mpaka chaji zikaisha. Wanaume walipewa kilomita 267 na nusu za kupanda na kushuka. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwa mbele yao. Ubishi uliofuata haujaisha hadi leo: je, Likasi nayo haina milima? Haina njia? Kwa nini wazungu wasije kukimbia hapa, walale kwenye hoteli zetu, wale samaki wa Lufira, watazame mahali pa historia?

Milima ipo. Historia nayo ipo, tena imejaa kupita kiasi. Kutoka daraja la Lufira, upande wa Lubumbashi, mpaka Kambove, mtu mwenye miguu ya kawaida anapita kwa siku moja mahali ambapo dunia nzima imewahi kupigania, kununua na kuficha vitu. Sijui njia nyingine ya lami katika nchi hii iliyobeba mambo mengi hivyo katika mwendo mfupi hivyo. Ila wanaosema tutafute waendesha kinga wa kuileta njia hii kwenye ramani wanasahau kwamba njia ina wenyewe. Wapo kila asubuhi, tangu kabla ya jogoo, na hakuna anayewapigia makofi wakifika mwisho.

Nawazungumzia wabeba makala, yaani mkaa.

Ukitaka kumwelewa mbeba makala, usimtazame akiwa kwenye tambarare. Mngoje kwenye mpando baada ya bonde la Lufira, pale barabara inapoinuka kuelekea mjini. Kinga yake ni ya chuma kizito, ya gia moja, na kiunzi kimeongezewa vyuma vya kujengea vilivyochomelewa pembeni. Gunia mbili zimelala ubavuni, moja nyuma, nyingine imekaa juu yao kama mke mkubwa, zote zimefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyovutwa mpaka vikalia. Hapandi. Kwenye usukani amefunga fimbo ndefu, mkono wa kushoto unashika fimbo, wa kulia unasukuma gunia la nyuma, na mwili wote umelala mbele. Akifika kileleni anaruka kwenye kiunzi na kuteremka. Breki ni kandambili: mguu unabanwa juu ya tairi la nyuma, na unasikia harufu ya raba kabla hujamwona mwenyewe.

Mmoja wao aliniuliza, nilipokuwa napumzika na kinga yangu nyepesi, “Papa, unaenda wapi bila muzigo?” Nikamwambia naenda kutazama daraja la Lufira. Akanitazama kwa huruma. “Ile daraja naipitaka kila siku. Haina kitu.”

Ana haki. Kwa mpita njia ni daraja tu na maji chini yake. Lakini waulize Waayalandi. Septemba 1961, wakati Moïse Tshombe amekwisha kuitenga Katanga na Umoja wa Mataifa umeleta askari, kompani moja ya jeshi la Ayalandi, watu wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa hapa mjini na majandarme wa Katanga wakiongozwa na mamluki wa Kizungu. Mashambulizi yalianza tarehe 13, Waayalandi wengi wakiwa kwenye misa. Juu yao ilikuwa ndege moja ya kivita aina ya Fouga, chini hakukuwa na maji ya kutosha. Walioletwa kuwaokoa kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikwama hapo hapo kwenye daraja la Lufira, hawakuvuka. Tarehe 17 Quinlan akajisalimisha, risasi na maji vimekwisha, bila askari wake hata mmoja kuuawa. Usiku ule ule Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa angani akielekea Ndola kuonana na Tshombe. Ndege yake ilianguka, na mpaka leo watu wanaulizana kwa nini.

Waayalandi walinyamaza kwa aibu kwa miaka mingi, kisha wakaamka. Mwaka 2016 serikali yao iliwapa wanajeshi wale heshima, na mwaka ule ule ikatoka filamu yenye jina la zamani la mji wetu, Jadotville, iliyopigwa Afrika Kusini. Nimeitazama. Ni filamu nzuri ya bunduki. Watu wa Likasi ndani yake ni vumbi na kelele za nyuma. Silaumu Waayalandi, kila mtu analilia wa kwake. Lakini mgeni akija na kinga kutafuta historia akaambiwa kwamba historia ya Likasi ni siku tano za Waayalandi, tutakuwa tumemdanganya, na tumejidanganya sisi kwanza.

Kituo cha kwanza cha njia hii, mimi ningekiweka mtaa wa Panda.

Mwaka 1941 vita vya Wazungu viliitaka shaba ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuliko wakati wowote. Bei sokoni zilipanda, mshahara wa mfanyakazi mweusi ukabaki pale pale. Mwanzoni mwa Desemba wafanyakazi wa Panda na Jadotville waliweka vifaa chini. Askari walipelekwa, wakapiga risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye, tarehe 9, ikawa zamu ya Elisabethville, kwenye uwanja wa mpira, na huko walikufa wengi zaidi. Wajukuu wa wagomaji wale wapo Panda, wanauza nyanya na vocha za simu. Ukipita na kinga asubuhi, barabara ya kambi ya wafanyakazi inateremka taratibu, nyumba za matofali ziko kwa safu kama zilivyopangwa na kampuni, na mtu anayejua kilichotokea anapunguza mwendo mwenyewe. Asiyejua anapita, kwa sababu anafikiri ni mtaa tu.

Wabelgiji wenyewe wanajua kazi hii ya kukumbuka. Kule Flanders kuna mbio iliyojulikana kwa miaka mingi kama Gent–Wevelgem, inayopanda Kemmelberg, kilima kidogo cha mawe, katikati ya makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Makaburi yana mawe, mawe yana majina, na mtoto wa shule anayepita na baiskeli anaweza kusoma. Wahandisi waliokuja huku kuupa mji wetu jina la bwana wao, Jean Jadot, walitoka katika nchi hiyo hiyo. Jina lilifutwa mwaka 1966, vizuri sana. Kufuta tulijua. Kuandika majina yetu mahali pake bado.

Kutoka Panda mpaka kituo kinachofuata utapita chini ya nyaya za umeme. Inua kichwa kidogo. Umeme wa kwanza mkubwa wa migodi hii ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Lufira yaliyopewa jina la Jules Cornet, yule mwanajiolojia aliyefika Katanga mwaka 1892 na kuripoti shaba yake. Bwawa lilianza kazi mwaka 1930, na lile la Koni, chini yake, likafuata miaka ishirini baadaye. Ziwa lililotokea nyuma ya bwawa, Tshangalele, ndilo linalotuletea samaki wa Kapolowe. Mitambo ya Mwadingusha imefanyiwa matengenezo makubwa hivi karibuni, megawati zaidi ya 70. Nyaya zinapita juu ya kichwa cha mbeba makala na kwenda kwenye viwanda, naye anasukuma gunia nne kwenda kwa mama ambaye umeme wake unakatika kila jioni wakati wa kupika bukari. Bila kukatika huko, asingekuwa na kazi. Na miombo ya huku ingekuwa bado imesimama, badala ya kuonekana mashina tu kilomita baada ya kilomita.

Mlima unaofuata unakupeleka upande wa mgodi wa Shinkolobwe, na hapa naomba wenye ndoto za utalii wanisikilize vizuri. Shinkolobwe haipaswi kuwa kituo.

Ni hadithi kubwa, najua. Robert Sharp aligundua madini yake ya urani mwaka 1915. Kuanzia miaka ya 1920 madini hayo yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kutoa radiamu, kitu kilichouzwa kwa bei ya kutisha kwa hospitali. Kisha dunia ikageuka. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alituma zaidi ya tani elfu moja za madini hayo New York mwaka 1940, yakalala kwenye maghala ya Staten Island, na Septemba 1942 mwanajeshi wa Marekani akaja ofisini kwake kuulizia. Yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi, hata asilimia 65 mahali pengine, wakati kwingineko duniani watu walifurahia sehemu ndogo ya asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ilitoka hapa. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, shimo likajazwa zege. Lakini kobalti na shaba zilibaki, na maelfu ya wachimbaji walirudi kwa jembe na mikono mitupu. Januari 2004 amri ya rais ilipiga marufuku uchimbaji huo. Julai mwaka ule ule mgodi ukaporomoka na kuua watu.

Sasa mtu anataka kuleta watalii wapige picha? Watu wa vijiji vya kule waliishi na vumbi lile bila kupimwa, walijengea mawe yale, na mgeni atakuja na kipimo cha mionzi mfukoni, akae dakika kumi, aondoke akijisifu. Hapana. Kituo kiwe barabarani, mbali na shimo, na hadithi isimuliwe hapo na mtu wa Likasi. Anayeona hii ni woga, mimi nakubali neno hilo bila shida.

Kutoka hapo mpaka Kambove ni mpando mwingine, na ndio mzuri kuliko yote. Kambove iko kilomita kama 25 kutoka Likasi. Reli ilifika huko mwaka 1913, miaka mitatu baada ya kufika Elisabethville, lakini walipofika wazungu walikuta mashimo ya wazee tayari. Watu waliichimba malakiti, wakaiyeyusha kwa tanuru za udongo na mivuo ya ngozi, wakaimimina kuwa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tabora na kujenga ufalme wa Garenganze akiwa Bunkeya, alijitajirisha kwa shaba hiyo, pembe na watumwa, akiuza mashariki mpaka kwa Waswahili wa pwani na magharibi mpaka Benguela. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, kwa sababu hakutaka bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Bunkeya iko mbali, kaskazini, njia ya vumbi, kinga ya tairi nyembamba haifiki huko bila machozi. Lakini shaba ile iliyobebwa kwa vichwa na mabega ilipita kwenye vilima hivi hivi.

Basi tuzungumze mambo ya kazi. Kwenye barabara ya taifa, RN1, kuna peaje, ushuru wa njia, na malori yanalipa. Yanabeba kobalti na shaba kwenda Kasumbalesa, yanarudi na salfa na mashine. Mwezi Februari 2019, huko Kabwe upande wa Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na basi, wakafa watu wapatao 20. Mwenye kinga ndiye wa mwisho kuhesabiwa barabarani, na ndiye wa kwanza kuchezewa na upepo wa lori. Lami ina ukingo uliomeguka sehemu nyingi, na nje ya ukingo kuna changarawe inayoteleza. Mbeba makala mwenye gunia nne hawezi kuruka kwenye changarawe. Akijaribu, mzigo unamwangusha upande wa lori.

Ninachoomba kwa fedha za peaje ni mita moja na nusu ya lami pande zote mbili, kuanzia Lufira mpaka Kambove, na mahali pa kupumzikia penye maji kwenye kilele cha kila mpando mkali. Kijengwe kwa ajili ya makala. Wale wenye kinga za mamilioni watakitumia bure, na hakuna atakayelalamika. Mabango yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa chini yake, na la kwanza liwekwe Panda, na majina ya wagomaji waliokufa yatafutwe kwenye makaratasi ya zamani ya kampuni na kwa wazee wa mtaa kabla hawajaondoka.

Anayetaka kuiona njia kabla haijawekwa chochote, Jumamosi hii natoka sokoni Kikula saa kumi na moja alfajiri, kabla malori hayajazidi. Njoo na tyubu mbili za akiba, pampu na fedha ndogo ndogo za muhogo na karanga njiani. Na mpandoni, ukikuta mtu anasukuma gunia nne, shuka, weka mkono nyuma ya gunia, sukuma naye mpaka juu. Hatakushukuru sana, atakuwa anatafuta pumzi.